Chatu Aliyeitwa Hilda

Avril Blanshard alimuogopa nyoka hata wa kwenye picha. Mjukuu wake akifungua kitabu cha wanyama, yeye huuruka ukurasa wa nyoka kwa kidole gumba huku macho ameyapeleka dirishani. Mumewe, Royce, alimcheka kwa jambo hilo tangu walipokuwa wachumba, maana yeye mwenyewe alikuwa kinyume kabisa. Utotoni, ufukweni Cleethorpes, mpiga picha wa mitaani alimtundika chatu shingoni kwa dakika chache, na uzito ule, ubaridi wa kwanza kisha uvuguvugu, haukumtoka tena rohoni. Kila baada ya miaka michache alianzisha maneno: sasa Kerry binti yetu ameolewa, sasa chumba cha juu ki tupu, tuweke chatu, mdogo tu. Jibu la Avril halikubadilika.

"Nyoka akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Chagua mwenyewe utalala na nani."

Royce alikuwa mpasua samaki bandarini Grimsby. Si kazi ya kujisifia mbele ya wakwe, lakini kwenye zile meza za barafu mikono yake ilikuwa na jina. Kisu chake kilipita kwenye uti wa samaki kikauacha mweupe kama kitana, na mwenyewe anapiga soga, wala hatazami. Ndiyo maana siku kisu kilipomponyoka mara ya kwanza wenzake walipiga miluzi na makofi. Kilipomponyoka mara ya pili, hakuna aliyecheka. Kufikia majira ya baridi hakuweza tena kufunga vifungo vya shati, na daktari wa hospitali, mwanamke mpole aliyewasogezea boksi la karatasi laini kabla hajafungua mdomo, akawaambia kwamba ni ugonjwa unaoua neva za misuli. Umeanza mikononi, utashuka miguuni, utapanda ulimini, na mwisho utafika kwenye pumzi. Dawa ya kuutoa hakuna.

Walirudi nyumbani. Avril alichemsha maji kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya hilo, akamimina chai vikombe viwili, ndipo akamwona Royce anakitazama chake bila kukigusa. Akaenda kumtafutia mrija.

"Avril," Royce akasema, "sasa nataka chatu wangu."

"Royce, usinianze. Si leo."

"Si lazima leo. Ila usiniambie mwakani."

Avril akaketi. Nje shakwe walikuwa wakigombania kitu juu ya paa la jirani, kelele tupu. "Mdogo?" akauliza hatimaye.

"Mdogo. Aina hii hawazidi urefu wa fagio."

"Na nani atamshika? Mikono yenyewe ndiyo hiyo."

"Wewe."

Avril alicheka kicheko kibaya. "Miaka yote hii ulikuwa unaningoja niishiwe na maneno."

"Nilikungoja, ndiyo," Royce akasema, akainama kuufuata mrija.

Avril alikubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Hakukubali kwa huruma, na baadaye alikuwa mwepesi wa kuwaambia hivyo wote waliomsifu. Alikubali kwa sababu alikuwa na hasira na hakuwa na wa kumkasirikia.

Waliyeelekezwa kwake aliitwa Jodie Maltby, dada mnene wa miaka kama thelathini, mikono imechorwa maua mpaka mabegani. Mchana alipanga bidhaa katika duka kubwa. Jioni alifuga chatu katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, nje kidogo ya mji. Siku waliyokwenda, Royce bado alitembea kwa miguu yake, lakini mikono ilining'inia kama mikono ya koti lililotundikwa.

"Karibuni, viatu msivue," Jodie akasema. "Ni chumba cha nyoka, si msikiti. Mama, ukijisikia vibaya mlango ni ule, hakuna atakayekucheka."

"Huyu atanicheka," Avril akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

Chumba kilikuwa na joto la unyevunyevu na harufu ya maganda ya miti. Masanduku ya plastiki yalipangwa kama droo kutoka sakafuni hadi darini, na Jodie aliyavuta moja baada ya jingine kama muuza vitambaa anayejua wateja wake hawana haraka. Alitoa mweupe pee mwenye macho ya bluu. Alitoa wa manjano, akasema huyo watu hupigana kumpata.

"Wa kwanza anafanana na sabuni," Royce akasema. "Huyu anafanana na ndizi. Huna nyoka anayefanana na nyoka?"

Jodie akacheka, akainama hadi droo ya chini kabisa. Akatoka na kitu cha kahawia na cheusi, kimejikunja kama fundo la kamba, kichwa kimefichwa katikati. "Huyu ni wa kawaida tu. Jike. Wa kawaida siku hizi hawana soko, watu wanataka rangi. Hali kwa pupa, hang'ati, ni mwoga tu. Kaa hapo kwenye kiti, mzee."

Akamlaza juu ya mkono wa Royce uliopumzika pajani. Muda mrefu hakuna kilichotokea. Avril alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kisha lile fundo likalegea kidogo, kichwa chembamba kikatoka, ulimi ukaonja hewa, na chatu akaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Akapita kati ya vidole visivyokunjika tena, akavizunguka, akakaza.

"Ananishika," Royce akasema, sauti imebadilika.

"Anaogopa kuanguka," Jodie akasema. Hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Basi tuko wawili. Ni huyu."

Jodie alimtazama Royce, akatazama ile mikono, akamtazama Avril. Ilionekana anapima kama aseme au asiseme. "Huwa nawaambia wateja wote," akasema. "Hawa wakitunzwa vizuri wanafika miaka thelathini. Mnalijua hilo?"

"Vizuri sana," Royce akajibu. "Atanizika."

"Mama, ni wewe utakayemtunza?"

"Inaelekea hivyo."

"Ungependa kumgusa basi?"

"Leo hapana," Avril akasema, na Jodie hakumsukuma. Alimweleza tu mambo yote kwa utulivu: upande mmoja wa kasha uwe na joto na mwingine uwe baridi kidogo, maji yasikauke, pawepo mahali penye giza pa kujificha. Panya wa kumlisha huuzwa wamekufa na kugandishwa. Amyeyushe, ampashe moto, amshike kwa koleo. "Na mkifika nyumbani, mwacheni wiki nzima bila kumgusa. Mgeni gani hushikwashikwa kabla hajajua maji yako wapi?" Avril alisikiliza kama alivyosikiliza maelezo ya dawa za Royce, midomo ikirudia kimyakimya. Kisha akatoka kulisogeza gari langoni ili mumewe asitembee mbali, akawaacha wale wawili wakizungumza.

Wiki ileile hospitali ilileta kitanda cha mgonjwa. Avril aliifagia sebule kama anayengoja wakwe, akasukuma kochi ukutani, kitanda kikakaa chini ya dirisha na kasha la kioo likakaa pembeni yake, usawa wa macho ya Royce. Akaweka bakuli la maji, gome la mti, na chungu kilichovunjika ubavu kiwe pango. Alipofungua mfuko wa kitambaa alifumba jicho moja. Chatu alitoka, akapima kioo kwa ulimi, akaingia ndani ya chungu, wala hawakumwona tena kwa siku kadhaa.

"Tumeleta chungu," Avril akasema. "Tumekiwashia taa na kukipa maji."

"Mwache Hilda apumzike."

"Hilda? Royce, hilo ni jina la mama yangu!"

"Mama yako alipohamia hapa alifanya nini? Aliingia chumbani, akafunga mlango, akatoka chakula kilipoiva. Tena hakunisalimia."

Avril alitaka kukasirika, Mungu shahidi. Badala yake alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na katikati ya kucheka akajikuta analia, akalazimika kwenda jikoni kufungua bomba ili asisikike.

Siku ya kumlisha ilipofika, alimyeyusha panya katika beseni ambalo tangu siku hiyo halikuoshewa tena sahani. Aliingia sebuleni mkono wenye koleo umenyooka mbele, uso ameugeuzia ukutani.

"Mtikise kidogo aonekane hai," Royce akamwelekeza kitandani.

"Nitakutikisa wewe."

"Kushoto. Kushoto kwake, si kwako. Avril, fungua macho, unamlisha bakuli."

Akafungua macho wakati uleule chatu alipochomoka. Hakuona chochote, alisikia tu koleo likivutwa kwa nguvu asiyoitegemea, akapiga ukunga uliowatoa majirani nje, koleo likaruka likapiga taa. Ndani ya kasha, Hilda alikuwa ameshamzunguka panya na anambana kwa utulivu wa mtu afanyaye kazi aliyoizoea. Royce alicheka. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine. Uso ukawa mwekundu kisha wa rangi ya majivu, na Avril akamkalisha, akampiga mgongo, akampiga, hadi pumzi ikarudi kwa mlio kama wa mlango mbovu.

Tangu hapo hakumchekesha tena wakati wa kumlisha Hilda. Waliizoea hali hiyo kama walivyozoea mengine yote.

Muuguzi aliyekuja kila asubuhi kumwogesha Royce aliitwa Rudo, mwenyeji wa Zimbabwe, mama wa makamo mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiolala. Siku ya kwanza alipoliona kasha alirudi kinyumenyume mpaka barazani.

"Dada Avril, hiyo ni nini?"

"Ni Hilda. Hafanyi kitu."

"Kwetu nyoka akiingia ndani, mtaa mzima unakuja na fimbo. Ninyi mmemnunulia taa! Lete blanketi, mfunike huyo. Nikimwona anatikisika, Baba Royce atajiogesha mwenyewe."

Basi kila asubuhi Avril alifunika kasha kwa blanketi, na kila asubuhi Rudo akaingia akisema, "Bibi Hilda, usiamke kwa ajili yangu." Royce, ambaye maneno yake yalikuwa yameanza kuwa mazito kama ya mlevi, alimngojea Rudo kwa sentensi hiyo tu.

Ilikuwa majira ya kuchipua Royce alipomwomba mkewe amtolee chatu. Avril alielewa mara ya tatu aliporudia. Alisimama mbele ya kasha muda mrefu kuliko alivyotaka kukiri. Kisha akaingiza mikono, kama Jodie alivyomfundisha, kutokea ubavuni wala si juu, akamwinua. Alitarajia utelezi. Alikuta kitu kikavu, laini kama mkoba wa zamani, chenye uvuguvugu wa taa na msuli unaotembea ndani yake. Akamlaza juu ya mkono wa mumewe, akatoka kwenda kunawa hadi viwiko.

Lakini kesho yake akamtoa tena, na kesho kutwa. Ikawa desturi baada ya vyombo vya mchana: kumlaza Hilda kwenye mkono wa Royce, kuketi upande wa pili, na kumkamata akitaka kuteremka. Mikono ya Royce haikuweza tena kushika kitu chochote duniani, si kijiko, si mkono wa mkewe. Avril aliushika mkono wake naye hakuweza kumrudishia. Nyoka alizunguka na kukaza, na Royce alifumba macho. Siku nyingine Avril aliwaonea wivu, na ilimfedhehesha kuona wivu juu ya kitu kama kile.

Kerry alikuja Jumamosi moja kutoka Leeds. Alisimama katikati ya sebule bila kuvua koti.

"Mama, umeweka nyoka chumba kimoja na mgonjwa?"

"Baba yako ndiye aliyemtaka."

"Baba anataka mengi! Alitaka pikipiki, ulimnunulia? Simleti mtoto hapa. Sikiliza, ama yule, ama mjukuu wako."

Kutoka kitandani Royce akasema jambo. Kerry akainama, hakuelewa, akamgeukia mama yake.

"Anasema umesahau kumsalimia bibi yako," Avril akatafsiri.

Kerry akatoka akaupiga mlango. Baadaye Avril alimkuta ndani ya gari lake, kichwa kimelala juu ya usukani, akamfungulia mlango, wakakaa humo wote wawili.

Majira ya kiangazi yalipita hivyo. Majani yalipoanza kuanguka, Hilda aliacha kula. Avril aliyeyusha panya, akampasha, akamtikisa. Chatu alinusa, akageuza kichwa. Wiki iliyofuata vilevile. Avril akampigia Jodie simu.

"Wana tabia hiyo, mama. Baridi ikija wengine hufunga kula, hata miezi. Usimlazimishe. Mpime uzito, mpe maji, mngoje."

"Na kama asipokula kabisa?"

"Atakula akiwa tayari."

Katika siku hizohizo Royce naye alianza kushindwa kumeza. Viazi vilivyopondwa vilimpalia, uji ulimpalia. Daktari alikuja nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaeleza habari ya mpira wa kulishia unaopitishwa tumboni. Upasuaji mdogo, unaweza kumwongezea muda. Wakati huo Royce alisema kwa kibao cha herufi: Avril alipitisha kidole, naye alipepesa jicho kwenye herufi anayoitaka. Herufi zilitoka moja moja. H, A, P, A, N, A.

"Royce, fikiri," Avril akasema. "Hujafikiri."

Akapepesa tena, na tena. N-I-M-E-F-I-K-I-R-I.

Daktari alipokwenda, Avril alibaki katikati ya sebule, huku sahani ya uji usioliwa, huku koleo lenye panya aliyekataliwa. Kitu kikakatika ndani yake. Alilitupa koleo kwenye sinki, akarudi akipiga kelele ambazo hajawahi kupiga katika ndoa yake.

"Mmekula njama! Wewe na huyo nyoka wako! Mimi ninapasha, ninaponda, ninayeyusha, nyote wawili mnanigeuzia vichwa! Kuleni! Nini kinawashinda, kuleni tu!"

Royce alimtazama. Ugonjwa ule humfanya mtu acheke asipotaka na alie asipotaka, na uso wake ulifanya vyote viwili kwa pamoja, machozi yakashuka kuingia masikioni maana hakuweza kuyafuta. Avril akapiga magoti, akayafuta kwa ncha ya aproni. Habari ya mpira haikutajwa tena.

Royce alifariki mwezi wa pili, alasiri, mvua ya mawe ikigonga kioo. Siku za mwisho pumzi yake ilikuwa na povu ndani, inakoroma na kuchemka, na chumba kizima kiliisikiliza. Kerry alikuwa ameshika mkono mmoja, Avril wa pili, Rudo amesimama miguuni pa kitanda akiomba kwa lugha yake. Pumzi ilikwenda, haikurudi. Avril aligeuka kutazama kasha. Hilda alikuwa ndani ya chungu chake tangu asubuhi, wala hakutoa hata ncha ya mkia. Hakujua lolote. Kwa nini Avril alitegemea ajue, mwenyewe hakuweza kusema, lakini jambo hilo lilimchoma kuliko mengi aliyoyaona siku hiyo.

Baada ya mazishi Jodie Maltby alikuja mlangoni amevaa koti jeusi lisilomtosha, ameshika mfuko wa kitambaa.

"Mama, pole sana. Nimekuja kumchukua Hilda."

"Nani amekutuma?"

"Mzee mwenyewe. Siku ile mliyokuja kwangu, ulipotoka kuleta gari. Alisema akiondoka nije nimrudishe, nisikuachie mzigo. Alisema wewe humpendi nyoka, umefanya kwa ajili yake tu."

Avril alishika mwimo wa mlango. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba Royce amemfunga kwa kiumbe kile miaka thelathini, na mwaka mzima alikuwa amemchukia kidogo kwa hilo, na kumsamehe kidogo. Kumbe ilipangwa siku ya kwanza, nyuma ya mgongo wake. Alipaswa kushukuru. Alichosikia ni kama ameambiwa hakuaminiwa.

"Hatoki," akasema. "Mwambie... Hatoki hapa."

"Sawa, mama. Namba yangu unayo."

Kerry alipopiga simu kuuliza kama yule nyoka ameshaondoka, Avril alimwambia hilo halimhusu, akakata. Lakini kumweka hakukuwa kumtunza. Kitanda cha hospitali kilichukuliwa, sebule ikabaki na kasha lenye mwanga mwekundu, na kila alipopita aliuona mkono wa Royce pasipokuwa na mkono. Hilda bado hakula. Alasiri moja mwezi wa tatu, nje kuna theluji iliyochelewa, Avril aliingia sebuleni, akainama, akaichomoa taa ukutani. Akachomoa na mkeka wa joto. Kisha akafunga mlango, akaenda kulala kitandani na nguo zake, mchana mweupe.

Hakujidanganya. Alijua anafanya nini. Nyumba ilikuwa ya matofali ya zamani, baridi yake inaingia kwenye mifupa, na kule sebuleni hakuwasha hita. Alikula mkate jikoni amesimama. Alisikiliza redio. Hakuufungua ule mlango siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa.

Kilichomfanya aufungue ni sauti. Alikuwa anapita ukumbini na kikapu cha nguo akasikia mkoromo, mdogo sana, wenye povu ndani yake. Kikapu kilimtoka mikononi. Kwa muda aliosimama pale alidhani ameanza kurukwa na akili, kwamba Royce amerudi kufia hapo tena. Alipoingia, alimkuta Hilda amejinyoosha kwenye kioo, kichwa ameinua juu, mdomo wazi nusu, mapovu yamekaa kwenye pembe za midomo. Alikuwa baridi kama samaki wa mezani.

Avril alimtia ndani ya sweta yake, juu ya tumbo lake mwenyewe, akaendesha gari hadi kwa Jodie bila koti.

"Imekuwaje?" Jodie akauliza mlangoni, tayari anamsikiliza chatu kifuani kwa sikio lake. "Taa iliharibika?"

Angeweza kusema ndiyo. "Niliichomoa," akasema. "Kwa makusudi. Siku tatu."

Jodie alimchukua nyoka, akamtia ndani ya sanduku la joto, akampigia simu daktari wa wanyama. Ndipo akageuka, na uso wake, ambao Avril aliuzoea kwa mzaha, ulikuwa umefunga.

"Nimeona watu wakifanya hivyo, mama. Wengi tu. Wewe sikukudhania."

"Hata mimi sikujidhania."

Mapafu ya Hilda yalikuwa yameingiwa na maradhi. Daktari alitoa sindano za kuchomwa kila baada ya siku chache, kwa majuma mengi, na Jodie alihitaji mtu wa kumshikia chatu wakati wa kuchoma. Avril akawa anakwenda. Avril alimshika Hilda kwa mikono miwili, Jodie akaingiza sindano kati ya magamba, mwili ule mwembamba ukajikaza vidoleni mwa Avril, kisha ukalegea. Alikuwa amekonda, uti wa mgongo umesimama kama kilele cha paa. Siku moja Jodie aliweka vikombe viwili vya chai badala ya kimoja. Siku nyingine alimwambia aoshe masanduku ya safu ya chini kama hana haraka. Avril hakuwa na haraka.

Mkoromo ulipungua, ingawa haukuisha kabisa; daktari alisema utabaki. Sindano zilipomalizika Avril alisimama na mfuko wa kitambaa mkononi, akajua Jodie anatafuta namna ya kusema.

"Abaki hapa, mama. Nadhani ni bora."

"Na mimi nadhani," Avril akajibu, akaukunja mfuko, akauweka juu ya meza.

Alirudi kazini katika jiko la shule alikofanya kazi kabla ya ugonjwa wa Royce. Mwezi wa sita, wakati anapakua njegere kwenye foleni ya watoto, simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa ni Jodie: Hilda amekula, panya mdogo, lakini amemmeza mzima. Avril aliisoma, akairudisha mfukoni, akaendelea kupakua. Mtoto mmoja akamwambia, "Mama, umenipa njegere mara mbili," naye akamjibu ale tu, hazijawahi kumuua mtu.

Jumapili alikwenda kwa Jodie kama kawaida kuosha masanduku. Alilivuta la Hilda, akamtazama. Chatu alionja hewa kwa ulimi, asimtambue, akarudi gizani. Avril alibadilisha maji, akarudisha sanduku mahali pake, akavuta la pili.

Kerry humuuliza mama yake huenda wapi Jumapili, na kwa nini nguo zake zinanuka maganda ya miti. Avril humwambia huenda kumsaidia dada mmoja usafi. Ile habari ya taa hajamsimulia, na ya siku tatu zile hajamsimulia mtu mwingine zaidi ya Jodie. Sebuleni amerudisha kochi chini ya dirisha. Mjukuu hulalia hapo akija, anachora, na Avril huketi kwenye mkono wa pili wa kochi, akimngojea achoke ampeleke juu kulala.